Mjerumani si mmoja: nani ni nani katika misaada ya Ujerumani

Nilikaa na katibu wa kikundi kimoja cha akina mama, Nyanda za Juu Kusini, kwenye benchi nje ya darasa la shule ya msingi. Mbele yetu kulikuwa na tangi la kuvunia maji ya mvua ambalo lilikuwa halijakwisha. Msingi ulikuwa umemwagwa, kuta zimefika kifuani, nondo zimechomoza juu zikianza kushika kutu. Fedha zilitoka kwa marafiki zao wa Ujerumani. Awamu ya kwanza ilikuja, ikatumika, kisha ukafuata ukimya wa miezi miwili. Mtu akawaambia kwamba mjini kuna ofisi ya Wajerumani, wana magari meupe yenye herufi za GIZ mlangoni. Katibu na mweka hazina wakapanda basi la alfajiri, faili kwapani. Walipokelewa vizuri, wakapewa maji ya kunywa, wakaelezwa kwa upole kwamba ofisi ile haijui lolote kuhusu tangi lao. Jioni walirudi wakiamini wamefichwa jambo.

"Kwani Mjerumani si yule yule?" aliniuliza.

Swali hilo nimelisikia mara nyingi, na tangu mwaka 2025 limeshika kasi. USAID, shirika la misaada la Marekani, lilipofungwa katikati ya mwaka ule, vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp watu walianza kusema kwamba sasa aliyebaki ni Mjerumani. Katika mkanganyiko wa namna hiyo ndipo hupenya jumbe za "ruzuku za Wajerumani", fomu za kujaza na ada ya usajili ya kutuma kwa simu. Anayejua mlango upi ni wa nani hadanganyiki kirahisi, na hapotezi nauli ya basi la alfajiri. Kwa hiyo tuanzie chini kabisa.

Mwenye nyumba, mlipaji na fundi

Chukua mfano wa mtu anayejenga nyumba. Yuko mwenye nyumba, anayeamua ijengwe nini na kwa bajeti gani. Yuko anayeshika mfuko na kuwalipa makandarasi hatua kwa hatua. Na yuko fundi mzoefu anayekaa na mafundi wengine akiwaonyesha namna ya kupima na kusimamisha ukuta. Msaada wa serikali ya Ujerumani umegawanyika hivyohivyo, na kila sehemu ina ofisi yake.

Mwenye nyumba ni Wizara ya Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, kwa kifupi BMZ, iliyoundwa mwaka 1961. Wizara hii haichimbi kisima hata kimoja. Kazi yake ni kukaa mezani na serikali ya nchi husika, wakakubaliana sekta za kushirikiana, iwe maji, afya, hifadhi ya mazingira au nyingine, na kiasi cha fedha. Haya ni mazungumzo ya serikali kwa serikali.

Anayeshika mfuko ni KfW, benki ya maendeleo. Ilianzishwa mwaka 1948 kuijenga upya Ujerumani iliyobomolewa na vita, na wamiliki wake mpaka leo ni serikali kuu yenye asilimia 80 na majimbo yenye asilimia 20. Fedha za KfW, ziwe ruzuku au mkopo wa masharti nafuu, huenda kwenye kazi kubwa kama mitandao ya maji mijini, umeme, hospitali na hifadhi za wanyama. Ukipita Arusha utaona makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaliyofunguliwa mwaka 2012. Ujerumani ilitoa euro milioni 14 kuyajenga, na fedha zilipitia KfW. Huo ndio ukubwa wa kazi zake. Tangi la shule haliko katika mizani hiyo.

Fundi ni GIZ. Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu GIZ ndiyo inayoonekana, ina magari, ofisi na fulana. GIZ ni kampuni, na mmiliki wake pekee ni serikali ya Ujerumani. Ilizaliwa mwaka 2011 kwa kuunganisha mashirika matatu, na mojawapo ni GTZ, jina ambalo wazee kwenye halmashauri bado wanalitumia. Inafanya kazi kwa mkataba, mara nyingi kutoka BMZ, wakati mwingine kutoka wizara nyingine za Ujerumani au Umoja wa Ulaya. Wataalamu wake hukaa na watu wa wizara, halmashauri na mamlaka za maji, wakafundisha, wakasaidia kuandaa miongozo na kujenga mifumo.

Kwa hiyo GIZ si NGO, si benki, na si idara ya ubalozi. Ipo miradi yake inayotoa ruzuku kwa asasi za kiraia, lakini hufanya hivyo kwa tangazo la wazi, ndani ya mradi ulioanza tayari, na kwa mkataba wenye masharti ya ukaguzi. Anayekudai ada ili akuingize kwenye "orodha ya GIZ" anakuibia.

Kikundi cha akina mama hakina nafasi ya moja kwa moja kwenye nyumba hii. Wananufaika kama wananchi wengine, bomba la mjini likitoa maji, zahanati ikiendeshwa vizuri. Lakini hakuna dirisha la wao kupeleka barua. Milango inayowahusu ni mingine, na ya zamani zaidi kuliko wizara yenyewe.

Mlango wa kanisa

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, Bavaria, walianzisha Peramiho mwaka 1898. Ukitaka kujua kwa nini hospitali fulani ya mbali ina mashine yenye maandishi ya Kijerumani, mara nyingi jibu liko kwenye historia hiyo. Leo uhusiano umebadilika sura. KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, iliyoundwa mwaka 1963, ina dayosisi zenye urafiki na majimbo ya kanisa la Ujerumani. Kuna sharika zinazoandikiana, zinazotembeleana, na zinazoombeana Jumapili moja kwa mwaka. Wakatoliki wana uhusiano wao kupitia majimbo na mashirika ya kitawa.

Juu ya urafiki huo kuna mashirika makubwa mawili. Misereor, la Wakatoliki, lilianza mwaka 1958 na hukusanya sadaka yake kubwa wakati wa Kwaresima. Brot für die Welt, maana yake "mkate kwa ulimwengu", la Waprotestanti, lilianza wakati wa Majilio mwaka 1959. Yote mawili hufanya kazi na mashirika yaliyosajiliwa yenye uongozi na hesabu zinazokaguliwa. Mtu binafsi haombi huko, hata akiwa na barua ya mchungaji.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Tangu mwaka 1962 serikali ya Ujerumani imekuwa ikiyapa makanisa fedha za umma kwa ajili ya maendeleo, kupitia ofisi mbili maalumu, moja ya Kikatoliki na moja ya Kiprotestanti. Makanisa ndiyo yanayochagua wabia na miradi. Kwa hiyo mradi unaweza kuwa wa kanisa kabisa, huku sehemu ya fedha ikiwa ni kodi ya mwananchi wa Hamburg asiyekanyaga kanisani.

Nayo ile "kodi ya kanisa" tunayoisikia, eti makanisa ya Ujerumani yana hazina isiyokauka, ipo kweli, lakini inakuzwa mno. Muumini hulipa asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato, yaani sehemu ya ile kodi na wala si ya mshahara mzima. Sehemu kubwa inaishia kulipa wachungaji, watumishi na majengo hukohuko. Na kila mwaka waumini mamia ya maelfu hujiondoa kwenye vitabu vya kanisa, kodi yao ikakoma.

Wakfu za kisiasa, kwa ufupi

Friedrich Ebert, Konrad Adenauer, Rosa Luxemburg, Hanns Seidel na nyingine ni wakfu zilizo karibu na vyama vya siasa vya Ujerumani, kila moja na chama chake, na zinaendeshwa kwa sehemu kubwa na fedha za umma. Kazi yao ni semina, utafiti, mijadala na mafunzo kwa vijana, wanahabari na vyama vya wafanyakazi. Hawajengi madarasa. Ukiwapelekea andiko la mradi wa kisima, watakujibu kwa adabu na kisima hutakipata.

Watu saba na keki

Sasa tufike kwa wale marafiki wa katibu wetu. Mwishoni mwa jina lao mna herufi mbili, e.V., na ndani ya herufi hizo mna mambo mengi.

Herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya chama kilichoandikishwa. Ukitaka kukielewa, fikiria kikundi chetu cha kufa na kuzikana au VICOBA, maana kina wanachama, katiba, mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mkutano mkuu wa mwaka. Sheria ya Ujerumani inataka wanachama wasiopungua saba wakati wa kuandikishwa, na daftari la usajili liko mahakamani. Mtaji hauhitajiki. Nchi nzima ina vyama vya aina hii zaidi ya laki sita, vya mpira, vya kwaya, vya wafuga njiwa, na miongoni mwao viko vile vilivyoanzishwa kwa ajili ya shule moja, hospitali moja au kijiji kimoja cha Afrika.

Mara nyingi chama cha namna hii huanza na mtu mmoja aliyewahi kuja. Mwalimu alifundisha mwaka mmoja, muuguzi alijitolea, binti alikuja kwa weltwärts, mpango wa Ujerumani wa vijana wanaojitolea. Akarudi nyumbani, akawasimulia jamaa na majirani, wakawa saba. Wote wana kazi zao au ni wastaafu. Ofisi yao ni meza ya jikoni ya katibu, na barua pepe yako inajibiwa saa tatu usiku baada ya watoto kulala.

Fedha zao hutafutwa kwa jasho. Wanaoka keki na kuziuza kwenye sherehe ya mtaa. Wanasimama na meza kwenye soko la Krismasi mwezi Desemba, baridi kali, wakiuza vikapu na kanga zetu. Shule nazo huandaa mbio za hisani: mtoto huzunguka uwanja, na bibi yake au jirani ameahidi kutoa euro moja au mbili kwa kila mzunguko. Katibu wetu aliposikia hili aliniangalia muda mrefu. Alikuwa ameamini kwamba nyuma ya kila Mjerumani imesimama serikali. Ahadi ya euro moja kwa mzunguko aliielewa mara moja, kwa sababu inafanana na ahadi za kamati ya harusi: mtu anataja kiasi, na mweka hazina anamfuatilia mpaka alipe.

Tuje kwenye risiti, maana hapo ndipo urafiki mwingi hufia.

Chama cha e.V. kikitambuliwa na ofisi ya kodi kuwa ni cha manufaa ya umma, anayekichangia anaruhusiwa kupunguziwa kodi. Hiyo ni heshima kubwa na inalindwa vikali. Kila baada ya muda, kwa kawaida miaka mitatu, ofisi ya kodi hukagua kama fedha zimetumika kwa kusudi lililoandikwa kwenye katiba. Fedha zikienda nje ya nchi, chama ndicho kinachopaswa kuthibitisha zilifanya nini huko. Kikishindwa, hadhi inaweza kuondolewa, na viongozi waliojitolea bure wakajikuta wanadaiwa. Kwa hiyo mweka hazina wa kule anapoandika kwa mara ya nne kuomba risiti ya mifuko 40 ya saruji, usidhani anakuona mwizi. Anajua kuna ofisa wa kodi atakayemuuliza yeye.

Upande wetu nao una ukweli wake, na kule hawaujui. Saruji na nondo zinatoka kwenye duka la vifaa vya ujenzi, risiti ya mashine ya EFD inapatikana. Lakini mchanga umeletwa na trekta ya jirani, mawe yamepasuliwa na vijana wa kitongoji, maji yamechotwa na akina mama kwa ndoo. Risiti ya mchanga utaitoa wapi? Katibu alinionyesha ushahidi wake, karatasi iliyochanwa kwenye kaunta buku, majina sita, kiasi, na alama za dole gumba za wino wa bluu, mbili zikiwa zimekokotwa kidogo pembeni. Ilikuwa kweli tupu, na kwa mtu aliyekaa Ujerumani haikuwa na maana yoyote.

Jambo hili linatibika mapema kama pande zote mbili zinajua tatizo liko wapi. Mnakubaliana kabla ya kazi kuanza kwamba malipo yasiyo na risiti ya mashine yataandikwa kwenye fomu moja: jina, kazi iliyofanyika, siku, kiasi, saini au dole gumba, namba ya simu, na muhuri wa mtendaji wa kijiji chini yake. Mnaongeza picha. Mnatafsiri vichwa vya safu kwa Kiingereza au Kijerumani. Nimeona fomu ya namna hiyo ikipokelewa bila swali hata moja.

Fedha za serikali kupitia chama kidogo

Kuna wakati chama cha e.V. huleta fedha nyingi kuliko keki zinavyoweza kuzaa. Hapo kimeomba nyongeza ya serikali. Ipo taasisi iitwayo Engagement Global, yenye makao Bonn, iliyoundwa mwaka 2012 ili kusimamia misaada ya BMZ kwa vyama na mashirika ya kiraia ya Ujerumani. Katika mfumo wake wa miradi ya nje, serikali huweza kuchangia hadi asilimia 75 ya gharama, na inayobaki chama kijitafutie pamoja na mbia wake.

Muombaji ni chama cha Ujerumani. Kikundi cha Tanzania, Ghana au Malawi hakiwezi kuandika Bonn moja kwa moja, hata andiko lake liwe zuri namna gani. Chama cha Ujerumani nacho lazima kiwe na uzoefu, kwa hiyo marafiki walioandikishwa mwaka jana hawana pa kuanzia. Maombi huchukua miezi mingi. Na fedha za bajeti ya serikali hupangwa kwa mwaka, hivyo kiasi cha mwaka huu hakisogezwi kirahisi kwenda mwaka ujao. Ndiyo maana mwezi Novemba unapigiwa simu na mtu mwenye haraka ambaye tangu Machi alikuwa kimya.

Upande wetu pia una mlango wa kupita. NGO inasajiliwa kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 na inawajibika kwa Msajili, pamoja na kuwasilisha mikataba ya ufadhili. Kikundi cha kijamii huandikishwa halmashauri kupitia ofisa maendeleo ya jamii. Mzungu mwenye moyo mwema hawezi kukuvusha hapo. Nimeona vikundi vilivyopokea fedha kwenye akaunti ya mtu binafsi kwa sababu "ni marafiki tu", na mwenye akaunti alipofariki, familia ikagawana fedha za kisima bila kujua ni za nani.

Miji na mitandao

Mlango mwingine ni wa miji dada. Würzburg na Mwanza ni marafiki tangu mwaka 1966, na Würzburg ndiko iliko taasisi ya madaktari wa kimisionari iliyoanzishwa mwaka 1922, kwa hiyo si ajabu afya ikawa moyo wa uhusiano huo. Hamburg na Dar es Salaam walitia saini mwaka 2010. Tübingen ina Moshi, Potsdam ina Zanzibar. Nje ya Tanzania, mfano unaotajwa sana ni jimbo la Rheinland-Pfalz na Rwanda, tangu mwaka 1982, ambako shule na wilaya za pande mbili ziliunganishwa moja kwa moja. Katika uhusiano wa miji, wanaokutana ni wazimamoto, wataalamu wa taka, walimu na madaktari. Fedha huwa kidogo. Faida yake kubwa ni kwamba ofisa wa jiji anapata mwenzake wa kumpigia simu, anayefanya kazi ileile.

Mtandao nao ni nini? Neno hili tunalitumia ovyo. Mtandao wa mashirika ni kama chama cha ushirika cha wakulima: kila mmoja ana shamba lake, lakini wanapaza sauti pamoja na kupeana habari. VENRO, ulioundwa mwaka 1995, ni mwavuli wa mashirika ya maendeleo ya Ujerumani, na kazi yake kubwa ni kuisemesha serikali yao. Huko Berlin upo pia mtandao wa vyama na watu wenye urafiki na Tanzania, na jarida lao lina jina la Kiswahili, Habari. Mitandao hii haigawi ruzuku. Lakini ukitaka kujua kama chama kilichokuandikia kipo kweli, au nani mwingine wa Ujerumani anafanya kazi wilayani kwako, huko ndiko pa kuuliza. Mara nyingi vyama viwili vya Ujerumani vimejenga vyoo katika kata moja bila kujuana, na sisi tuliowajua wote wawili tukanyamaza kwa kuogopa kupoteza mmoja. Hilo tusilifanye.

Kuhusu vijana wa weltwärts: mpango huu ulianza mwaka 2008 kwa vijana wa miaka 18 hadi 28, na tangu mwaka 2013 vijana wa kwetu nao wanakwenda Ujerumani kujitolea. Kijana anayefika shuleni kwenu na begi mgongoni ametoka sekondari juzi. Hana bajeti. Kumlundikia barua za maombi ni kumwonea.

Msaada na fidia

Kuna dhana nzito zaidi, inayosemwa kwa uchungu wa haki: kwamba Ujerumani inalipa deni la ukoloni. Neno hela lenyewe tulilipata kwao, kutoka sarafu ya Heller iliyoanza mwaka 1904, mia moja kwa rupia. Mwaka mmoja baadaye ikalipuka Vita vya Maji Maji, na watu waliokufa, wengi kwa njaa iliyofuata, baadhi ya wanahistoria wanawakadiria kufikia laki tatu. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea, alikonyongwa Nduna Songea Mbano mwaka 1906, akaomba msamaha.

Lakini kuomba msamaha ni jambo moja, msaada jingine, na fidia la tatu. Msaada mtoaji anaweza kuupunguza au kuusitisha. Fidia ni haki ya aliyeumizwa. Namibia inaonyesha tofauti hii waziwazi. Mwaka 2021 Ujerumani ilitangaza kutoa euro bilioni 1.1 kwa miaka 30 kwa sababu ya mauaji iliyowafanyia Waherero na Wanama enzi za ukoloni wake, lakini ikakwepa kuziita fidia, na viongozi wengi wa jamii hizo wakakataa mpango huo kwa sababu hiyohiyo. Hoja yao naiona ina uzito, na kuchanganya maneno haya matatu kunawadhoofisha wanaodai haki.

Na kwamba msaada wa serikali una kamba, Tanzania ililijua mapema. Enzi hizo Ujerumani zilikuwa mbili, na Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki kabla ya Muungano wa mwaka 1964. Ujerumani Magharibi haikutaka Mjerumani mwingine atambuliwe. Mwaka 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi, naye Mwalimu Nyerere akawaambia waondoe na uliobaki. Uhusiano ulirudi baadaye, na majengo yaliyojengwa na Wajerumani wa Mashariki bado yanakaliwa Zanzibar, pale Kikwajuni na Kilimani.

Bilioni zinazotajwa kwenye habari

Ukisikia Ujerumani ilitoa msaada wa zaidi ya dola bilioni 30 mwaka 2024, usizigawe kwa nchi za Afrika kichwani. Kanuni za kimataifa huruhusu nchi kuhesabu humo gharama za mwaka wa kwanza za wakimbizi waliopokelewa ndani ya nchi yake, gharama za wanafunzi wa kigeni kwenye vyuo vyake, na sehemu ya mikopo nafuu. Fedha hizo zimetumika kihalali, ila nyingine hazikutoka Ujerumani kabisa. Bajeti ya BMZ nayo imeshuka, kutoka euro zaidi ya bilioni 12 mwaka 2023 hadi karibu bilioni 11.2 mwaka 2024 na karibu 10.3 mwaka 2025. Wanaosema Mjerumani atajaza pengo la Mmarekani wanamtegemea mtu ambaye naye anafunga mkanda.

Tangi la katibu lilikwama kwa jambo dogo. Mweka hazina wa Ujerumani alikuwa ameandika mara tatu akiomba uthibitisho wa mchanga na mawe. Barua pepe zilikwenda kwa mwenyekiti wa zamani, aliyekuwa amehamia Dodoma na kubadilisha simu. Tuliijaza ile fomu siku ileile, dole gumba moja moja, mtendaji akagonga muhuri.

Kabla ya kuituma, katibu aliomba tuongeze swali lake mwenyewe: ninyi mko wangapi, na fedha hizi mnazipata wapi? Jibu lilikuja baada ya siku nne. Wako kumi na mmoja. Theluthi moja ilitoka soko la Krismasi, theluthi ilitoka mbio za shule moja ya msingi, iliyobaki ilikuwa sadaka ya mazishi ya bibi mmoja ambaye familia yake iliomba watu watoe mchango badala ya maua. Jumamosi iliyofuata katibu aliisoma barua ile yote kwenye mkutano wa kikundi, polepole, na alipofika kwenye lile la mazishi akina mama wakaomba arudie.